Tujenge Wapi, Tuhifadhi Nini?

Somo la mpango wa ardhi ya kijiji na mitaa yetu ya zamani



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalotugusa sote hapa Kanazi, pamoja na wenzetu wa vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo. Jambo lenyewe ni hili: kijiji kinapokua, nani anaamua mahali pa kujenga, mahali pa kulima na mahali pa kuacha kama palivyo? Na ile mitaa ya zamani, iliyoanzishwa na babu na bibi zetu, itapona?

Watu wengi husema, "Aa, hayo ni mambo ya wataalamu wa wilayani. Sisi wakulima tutasema nini?" Wengine husema, "Ardhi ni ya Serikali. Ikitaka, itachukua." Maneno hayo yana ukweli kidogo na makosa mengi. Basi tusome pamoja polepole. Tuone sheria inasema nini. Kisha tuone sisi tunaojua kusoma tuna kazi gani.

KIJIJI KINAKUA

Zamani nyumba zetu zilikaa mbalimbali juu ya vilima. Kila nyumba ilikuwa katikati ya migomba yake. Siku hizi mambo yamebadilika. Watu wanasogea barabarani. Panajengwa maduka, mashine za kusaga, gereji za pikipiki na vibanda vya kutuma fedha kwa simu. Vijana wanataka viwanja. Wageni nao wanakuja kununua. Kila mmoja anajenga anapopata.

Kukua si vibaya. Nani hataki zahanati karibu? Nani hataki umeme? Lakini ardhi haiongezeki. Watu wanaongezeka, watoto wanaongezeka, ardhi ni ile ile.

Sisi watu wa Ngara tunajua jinsi mahali panavyoweza kubadilika kwa haraka. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu laki mbili waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa siku chache tu. Wakapiga kambi Benaco. Watu hao walikuwa katika shida kubwa, na ilikuwa haki wapokewe. Lakini watu wengi namna ile wanahitaji kuni, maji na mahali pa kulala. Miti ilikatwa kwa wingi, hata watu wakalazimika kwenda mbali kutafuta kuni. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa 1996, lakini miti haikurudi siku ile ile watu walipoondoka. Kukata mti ni kazi ya saa moja. Kuukuza ni kazi ya miaka.

Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa mtaa. Kuubomoa ni kazi ya siku moja. Kuujenga tena kama ulivyokuwa, pengine haiwezekani kabisa.

MTAA WA ZAMANI NI NINI?

Tukisikia maneno "mtaa wa zamani", tunafikiri habari za mjini. Tunafikiri majumba ya mawe ya Zanzibar au Bagamoyo. Lakini hata kijijini tuna mitaa ya zamani. Tuiangalie vizuri.

Kitongoji cha zamani kina migomba iliyopandwa na wazee na kutiwa samadi mwaka hadi mwaka. Kuna kahawa chini ya migomba. Kuna wigo wa minyaa unaoonyesha mpaka wa jirani na jirani. Kuna mvumu mkubwa ambapo wazee hukaa kusuluhisha ugomvi. Kuna chemchemi ya maji. Kuna njia ya miguu inayopita kati ya vibanja, nayo ni ya watu wote. Na nyuma ya nyumba kuna makaburi. Hapo wamelala waliotutangulia.

Vitu hivyo vyote vina kazi. Migomba hutulisha na kuzuia udongo wa kilimani usisombwe na mvua. Minyaa hupunguza kesi za mipaka. Njia ya miguu humfikisha mtoto shuleni. Mvumu hutupa kivuli cha mkutano. Makaburi hutuambia sisi ni nani. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa."

Lakini mambo hayo yana hatari moja. Mengi hayajaandikwa popote. Mtu anayechora ramani ofisini hawezi kuyajua. Yeye akitazama karatasi, anaona mahali peupe tu. Anaweza kusema, "Hapa pako wazi. Tukate viwanja." Kumbe pale peupe pana makaburi ya ukoo mzima!

MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI NI NINI?

Mpango wa matumizi ya ardhi ni makubaliano ya wanakijiji juu ya kila sehemu ya kijiji itumiweje. Makubaliano hayo huandikwa na huchorwa kwenye ramani. Sehemu hii ni ya makazi. Sehemu hii ni ya kilimo. Hii ni ya malisho. Hii ni msitu. Hii ni ya shule, soko na zahanati. Hapa ni makaburi. Hapa ni chanzo cha maji, asijenge mtu.

Mama nyumbani hufanya vivyo hivyo. Anajua jiko liko wapi, kuku walale wapi, maji yawekwe wapi. Hawezi kuweka mtungi wa maji zizini. Kijiji nacho kinahitaji utaratibu wa namna hiyo.

Tanzania Bara ina sheria za jambo hili. Tutataja mbili.

Ya kwanza ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hii inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ardhi ya matumizi ya wote, kama vile malisho, msitu, njia na mahali pa maji. Fungu la pili ni ardhi inayotumiwa na mtu au familia, kama kibanja chako. Fungu la tatu ni ardhi ya akiba, ambayo inaweza kugawiwa baadaye.

Ya pili ni Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007. Hii inaeleza jinsi mipango inavyotengenezwa. Ipo pia Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo hutoa mwongozo kwa wilaya na vijiji.

NANI ANAAMUA?

Ni kweli kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Lakini ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Nayo Halmashauri haiisimamii kama mali yake. Inaisimamia kama mtu aliyewekewa amana. Mtu mwenye amana hauzi kitu cha mwenzake bila kumwuliza.

Anayeulizwa ni nani? Ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na mkutano mkuu ni nani? Ni wewe, ndugu msomaji! Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, aliyesoma na asiyesoma.

Sheria inasema Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Halmashauri ikitaka kutenga ardhi ya matumizi ya wote, inapeleka mapendekezo kwenye Mkutano Mkuu. Mkutano unaweza kuyakubali. Unaweza pia kuyakataa. Mpango wa matumizi ya ardhi nao lazima upitie mkutanoni, ndipo uende Halmashauri ya Wilaya.

Na akina mama je? Sheria ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi haina nguvu. Sheria hiyo pia inataka Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha ugomvi wa ardhi, liwe na wajumbe saba. Kati yao wasiopungua watatu wawe wanawake. Kwa hiyo mama asikae nyuma ya mkutano akisema, "Mimi nasikiliza tu." Aseme.

TUJIFUNZE KWA YALIYOPITA

Kupanga ardhi kunaweza kuwa kwema au kubaya. Inategemea nani anapanga, na kwa faida ya nani.

Wakati wa ukoloni, Wajerumani na kisha Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam. Kando ya bahari palikuwa Uzunguni, penye nyumba kubwa na bustani. Kisha palikuwa Uhindini, penye maduka. Kisha Uswahilini, ambako Waafrika walibanana. Huo nao ulikuwa mpango wa ardhi. Ulikuwa na ramani na sheria. Lakini wenye nchi hawakuulizwa, na faida haikuwa yao.

Baada ya Uhuru tulijifunza somo jingine. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji katika sehemu nyingi za nchi. Nia ilikuwa kuwaweka watu pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Wengi walivipata. Lakini mahali pengi watu walihamishwa kwa haraka, wakaacha nyumba na mashamba yao ya asili. Wengine walipewa ardhi iliyokuwa ya wenzao. Mambo mengi hayakuandikwa. Miaka ikapita, kesi zikaanza: "Shamba hili lilikuwa la baba yangu!" "Lakini mimi nililipewa na kijiji!"

Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za kimila za watu waliopoteza ardhi wakati wa operesheni. Wakulima wawili wa Mkoa wa Arusha, baba na mwanawe, walikwenda mahakamani kuipinga. Walikuwa wameshinda kesi ya kurudishiwa ardhi yao, na sheria hiyo ingewanyang'anya tena. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mwaka 1994 Mahakama ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, na Katiba inailinda kama mali nyingine. Haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki.

Tuone uzito wa neno hilo. Wakulima wawili wa kijijini walisimama, na haki ya wakulima wote ikathibitishwa. Leo sheria inasema haki ya kimila ina nguvu sawa na hati ya mjini. Ardhi ikichukuliwa kwa kazi ya umma, fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema.

TUJIFUNZE KUTOKA ZANZIBAR

Sasa twende Zanzibar. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria zao za ardhi, lakini kuna jambo la kujifunza kwao.

Mjini Unguja kuna sehemu iitwayo Mji Mkongwe. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Zina milango ya nakshi na mabaraza ya kukalia nje. Baada ya miaka mingi bila matengenezo, nyumba nyingi zilianza kuanguka. Mwaka 1985 Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya uhifadhi. Mtu akitaka kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadili mlango, lazima kwanza aombe kibali. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Lamu, huko Kenya, uliingizwa mwaka uliofuata.

Je, sheria peke yake inatosha? Hapana. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati linafanyiwa matengenezo. Watu wawili walikufa. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kuhifadhi ni kutunza kila mwaka. Kuandika sheria na kuiweka kabatini si kuhifadhi.

Kuna jambo jingine, nalo linatuhusu zaidi. Ng'ambo ya Mji Mkongwe kuna mitaa ya watu wa kawaida. Inaitwa Ng'ambo. Nyumba zao nyingi zilikuwa za miti na udongo, kama nyumba zetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za huko zilibomolewa ili kujenga majumba marefu ya Michenzani, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Familia nyingi zilipata nyumba za kisasa zenye maji na umeme. Lakini mitaa iliyokuwapo ilitoweka pamoja na vichochoro vyake na mabaraza yake.

Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 2010, wapangaji wa mji wa Zanzibar walitengeneza mpango mpya wa Ng'ambo, uitwao "Ng'ambo Tuitakayo". Safari hii walikwenda mitaani kwanza. Waliwauliza wenyeji mahali wanapopathamini, wakapachora kwenye ramani. Ndipo wakapanga.

Umeona tofauti, ndugu msomaji? Mara ya kwanza ramani ilitangulia, watu wakafuata. Mara ya pili watu walitangulia, ramani ikafuata. Sisi tunataka hii ya pili.

TUFANYE KAMA TUMO MKUTANONI

Tuchukue mfano. Huu ni mfano wa kujifunzia, si habari ya kijiji fulani. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza kukata viwanja na kunyoosha barabara katika kitongoji cha zamani. Mwenyekiti anafungua mjadala.

MWENYEKITI: Ndugu wananchi, pendekezo mmelisikia. Anayetaka kusema anyooshe mkono.

KIJANA: Mimi naunga mkono. Ninaendesha bodaboda. Mama mjamzito akizidiwa usiku, njia ile haipitiki. Tunataka barabara.

MZEE: Mwanangu, barabara hata mimi naitaka. Lakini mstari huo umepita juu ya makaburi ya ukoo wetu, na juu ya chemchemi. Mtakunywa barabara?

(Watu wanacheka.)

MJANE: Shikamooni wazee. Mimi nina swali. Kibanja changu kitakatwa katikati. Mume wangu hayupo, na watoto bado wadogo. Nitalipwa nini, na lini? Sijaona jina langu kwenye orodha.

MTENDAJI: Orodha ilitengenezwa kwa majina ya waume, mama.

MJANE: Basi muirekebishe. Aliyekufa hawezi kusaini.

AFISA ARDHI: Mama ana haki. Naye mzee amenisaidia. Kwenye picha ya kutoka angani sikuyaona makaburi wala chemchemi. Naomba wazee wawili na akina mama wawili tupite kesho kwa miguu, tuweke alama kila mahali.

KIJANA: Kama barabara itapindishwa kidogo ikapita kando ya wigo, sisi wa bodaboda hatuna neno. Bora ipitike.

MWENYEKITI: Na soko je?

MAMA MWINGINE: Soko liende kwenye ardhi ya akiba karibu na barabara kuu. Kwa nini tung'oe migomba wakati mahali papo?

Tuone mambo manne katika mfano huu. Kwanza, kijana na mzee wote walikuwa na haki. Kuhifadhi hakukataa maendeleo, na maendeleo hayakulazimisha kubomoa. Pili, mjane angenyamaza angepotea katika orodha. Tatu, mtaalamu alihitaji macho ya wenyeji. Nne, kupinda kwa barabara hatua chache kuliokoa makaburi, maji na vibanja. Lakini kama hakuna mtu ambaye angesema, kalamu ingeendelea kunyoosha mstari.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa tuone tufanye nini.

1. Tusome mbao za matangazo. Tangazo la mkutano huwekwa ofisi ya kijiji. Ukilisoma, mwambie jirani ambaye hakuliona. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mtu aliyehitimu kisomo.

2. Twende mkutanoni na tujiandikishe. Mahudhurio ni ushahidi. Mtu asiyekwenda asilalamike kilabuni.

3. Tuchague vizuri kamati ya mpango wa ardhi. Iwe na wazee wanaojua mipaka, vijana wanaojua mahitaji mapya, akina mama wanaojua njia za maji na kuni, na wafugaji wanaojua njia za mifugo.

4. Tutembee kijiji chote kwa miguu. Kila kitongoji kiandike orodha yake: makaburi, chemchemi, miti mikubwa, njia za miguu, viwanja vya michezo, mahali pa ibada. Tuchore hata chini kwa fimbo kwanza. Kisha tuhamishie kwenye karatasi.

5. Tuulize juu ya mipaka iliyowekwa na sheria. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukijenga ndani ya hifadhi hiyo, nyumba yako inaweza kuwekwa alama ya X nyekundu. Kando ya mto, ziwa au bwawa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

6. Tutunge sheria ndogo. Kwa mfano: asikate mtu mivumu ya baraza, asizibe mtu njia ya miguu, asijenge mtu juu ya chemchemi. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, Mkutano Mkuu hutoa maoni, na Halmashauri ya Wilaya huidhinisha. Bila hatua hizo, sheria ndogo haina nguvu.

7. Tuombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mume na mke waandikwe wote wawili. Kama ni kibanja cha ukoo, tukae kikao cha ukoo kwanza, tukubaliane.

8. Tusisaini karatasi ambayo hatujaisoma. Mtu akisema, "Saini hapa tu mzee, ni mahudhurio," soma juu kabisa. Je, pameandikwa mahudhurio, au pameandikwa umekubali kutoa shamba? Ukishindwa kuelewa, omba muda. Karatasi halali haiogopi kusomwa.

9. Tutunze nakala. Muhtasari wa mkutano na ramani vikae ofisini, na mwanakijiji aweze kuviona. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Hata ardhi ni mali.

Kukitokea ugomvi, tuanze na Baraza la Ardhi la Kijiji ili tusuluhishwe. Ikishindikana, kuna ngazi za juu, kama vile Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tusishike mapanga. Panga halijawahi kupima shamba.

TUSIHIFADHI HATA UBOVU

Kabla ya kumaliza, tuonyane kidogo. Kuhifadhi mtaa wa zamani hakuna maana ya kukataa kila kipya. Nyumba yenye nyufa kubwa si urithi, ni hatari. Choo kilicho juu ya chemchemi si mila, ni ugonjwa. Mpaka uliowekwa kwa dhuluma hauwi haki kwa kuwa ni wa zamani. Na mila inayomfukuza mjane kwenye kibanja chake haistahili kutunzwa hata siku moja.

Vile vile tusiwaonee vijana. Wao nao wanahitaji mahali pa kujenga na pa kufanya biashara. Ndiyo sababu tunataka mpango. Tukiwatengea vijana viwanja mahali panapofaa, hawatalazimika kukata migomba ya bibi yao.

Basi jambo kubwa la somo hili ni moja. Mahali tunapopapenda hapalindwi na mapenzi yetu peke yake. Panalindwa pale tunapokwenda mkutanoni, tunaposema, na tunapohakikisha maneno yetu yameandikwa katika muhtasari na kuchorwa katika ramani. Zamani wazee wetu walilinda mipaka kwa minyaa na kwa kumbukumbu. Minyaa hung'olewa. Kumbukumbu huzikwa pamoja na mwenye nayo. Sisi tumepata kalamu. Tuitumie wakati wazee wanaojua bado wako nasi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Amana: kitu ulichopewa ukitunze kwa niaba ya mwingine.
Ardhi ya akiba: ardhi ya kijiji ambayo bado haijagawiwa.
Fidia: malipo ya mali iliyochukuliwa au kuharibiwa.
Hifadhi ya barabara: ardhi kando ya barabara isiyoruhusiwa kujengwa.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.
Sheria ndogo: sheria ya kijiji au wilaya, iliyotungwa kwa utaratibu na kuidhinishwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja mafungu matatu ya ardhi ya kijiji. Kibanja chako kimo katika fungu gani?
2. Je, Halmashauri ya Kijiji inaweza kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu kukubali? Eleza.
3. Katika kitongoji chenu, ni mahali gani patatu ambapo mngependa pasibomolewe? Kwa nini?
4. Mahali hapo pamechorwa katika ramani ya kijiji? Nani atakwenda ofisini kutazama, na lini?
5. Ni mambo gani ya zamani katika kitongoji chenu yanayofaa kubadilishwa?

KAZI YA NYUMBANI

Mtembelee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke. Mwombe akuonyeshe mipaka, njia za zamani na makaburi ya ukoo. Andika katika daftari lako, neno kwa neno. Mkisha kusoma pamoja katika kikundi, pelekeni nakala ofisi ya kijiji.